Gari la dizeli linazima asubuhi: kusaka hewa kwenye njia ya mafuta ya Hilux

Jioni umeegesha gari likiwa halina neno. Asubuhi unapiga stata, linashika mara moja, linanguruma kidogo, kisha linazima lenyewe. Ukirudia, stata inazunguka mpaka betri inaanza kulegea na hakuna kitu. Anakuja kijana wa gereji, anabonyezabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, gari linawaka na kutwa nzima halisumbui. Kesho yake, yaleyale.

Dalili nyingine za ugonjwa huohuo: gari likiwa limesimama injini inapanda na kushuka yenyewe, mlimani linakosa nguvu ghafla kisha nguvu inarudi, ukiachia mafuta na kukanyaga tena linasita. Mara nyingi hapo kuna mahali hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Na hapo ndipo hela nyingi huteketea bure, kwa kuwa neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "pampu". Pampu inashushwa, inapelekwa kwa mafundi wa pampu na nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), inarudi imeoshwa inang'aa, inafungwa, na asubuhi gari linazima vilevile, maana oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya bei ya soda kule chini ya filta hakuna aliyeiangalia. Msimamo wangu ni huu: pampu haifunguliwi bolti hata moja mpaka dumu la dizeli limejibu. Namna ya kuliuliza iko kwenye hatua ya nne.

Maelezo haya yanahusu hasa Hilux pikapu za injini ya 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986), zile za pampu ya kimakenika isiyoongozwa na kompyuta. Land Cruiser ya injini ya 1HZ inafuata njia ileile kwa sehemu kubwa. Hilux za D-4D, zile za dizeli zinazoongozwa na kompyuta, nimezitengea sehemu yake, kwa sababu zina hatari zake.

Kwanza, ujue upande unaonyonya

Kwenye Hilux hizi za zamani hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kuu iliyo kwenye injini ndiyo inayovuta dizeli yenyewe: kutoka tangini, kupitia bomba la chuma lililofungwa kwenye chasisi, mipira michache ya maungio, filta, kisha kwake. Injini ikizunguka, njia yote hiyo inanyonywa. Penye ufa, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Ndiyo maana unaweza kulala chini ya gari na tochi kwa muda mrefu usione hata unyevu. Anayetafuta hewa kwa kuangalia palipolowa anatafuta upande usio.

Baada ya pampu mambo yanageuka. Kwenye mabomba membamba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli kuna mgandamizo mkubwa, na kukiwa na ufa huko dizeli inaruka nje na kunuka. Hapo huhitaji mwongozo.

Kinachowachanganya hata wazoefu ni mwili wa pampu yenyewe. Injini ikizunguka, ndani ya mwili huo kuna mgandamizo wa bar kadhaa, kwa hiyo oringi ya mhimili wa wenzo wa akselereta ikichoka, inavuja dizeli kwa nje. Injini ikizimwa, palepale panageuka kuwa mlango wa hewa, na dizeli inarudi nyuma tangini. Sehemu moja ina tabia mbili, mchana inalowa, usiku inanyonya. Sili na gasketi nyingine za mwili wa pampu ziko hivyohivyo.

Na kwa nini dizeli irudi tangini? Kwa sababu pampu iko juu kuliko tangi, na dizeli ina uzito. Ikikosa hewa ya kujaza nafasi yake inabaki ilipo, kama maji kwenye mrija uliouziba juu kwa kidole. Ikipata tundu dogo tu, usiku mzima inatosha kuisha. Tundu hilohilo gari likiwa kwenye mwendo huenda lisilete usumbufu wowote, kwani kipovu kimoja kimoja kinasukumwa na kurudishwa tangini kupitia mpira wa marejeo. Asubuhi ndiyo bili inaletwa. Nozeli za injini hizi hufunguka mgandamizo ukishavuka bar 100. Pampu ikibana hewa badala ya dizeli, hewa inajikunja tu na nozeli haifunguki kamwe.

Hatua ya 1: Gusa pampu ya mkono kabla ya swichi

Hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho kinachorukwa. Gari likiwa limelala usiku kucha, usiwashe. Fungua boneti, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, uhesabu.

Ikikaza baada ya mara mbili tatu, dizeli imelala mahali pake. Kama bado gari halitaki kuwaka, hewa si kesi yako. Pima hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), betri na kompresheni. Ikizama laini, mara kumi, ishirini, huku unasikia mkoromo wa povu, ndipo inaanza kukaza, basi njia ilikuwa tupu. Hewa imeingia. Andika hesabu hiyo mahali, maana ndiyo utakayoitumia kupima kama umetengeneza kweli.

Kuna na jibu la tatu: unabonyeza na kubonyeza, haikazi kabisa. Hapo ama tangi limekauka (geji za magari haya zina uongo wake, chomeka kijiti uhakikishe), ama tundu ni kubwa, ama pampu ya mkono yenyewe imekufa valvu zake.

Kama unataka uhakika zaidi, mtu mmoja apige stata na mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe au wa kijivu ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda na haiungui. Rudi kwenye hita. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Lakini kabla ya kulaumu hewa, weka swichi kwenye ON na usikilize selenoidi ya kuzimia iliyo juu ya pampu, ile valvu ya umeme inayokata dizeli ukizima swichi: chomoa waya wake na uuguse tena, lazima usikie "tik". Isipolia, tatizo lako ni umeme. Watu wamebadilisha mipira yote ya gari kwa ajili ya waya mmoja ulioshika kutu.

Hatua ya 2: Maswali kabla ya spana

Ilianza lini? Kama ni baada ya kubadilisha filta, nenda moja kwa moja kwenye filta, usipoteze muda kwingine.

Inazidi tangi likiwa chini ya nusu? Shuku bomba la kunyonyea lililo ndani ya tangi. Likitoboka kwa kutu katikati, tangi likijaa tundu linakuwa ndani ya dizeli na halina madhara. Dizeli ikishuka chini ya tundu, linaanza kunywa hewa. Ukiona gari linakuwa zima kila unapojaza tangi, hapo hakuna mpira wala filta itakayokusaidia, ni kutoa bomba hilo na kulichomelea au kulibadilisha.

Unaegesha wapi? Egesha usiku mmoja pua ikiwa juu ya mteremko, usiku mwingine pua ikiwa chini. Kama pua chini linawaka bila shida na pua juu halitaki, umethibitisha kuwa dizeli inarudi nyuma. Bado hujajua hewa inaingilia wapi.

Hatua ya 3: Mpira unaoonyesha ndani

Nunua mita moja au mbili za ule mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wanaoutumia mafundi ujenzi kupimia levo. Chukua kipande cha mpira wa dizeli wa gari lako uende nacho dukani ulinganishe tundu, maana mpira uliozidi upana utaleta hewa yako mwenyewe na utaanza kufukuza kivuli.

Kiunge kwanza kati ya filta na pampu, kifunge klipu vizuri kila upande, toa hewa, washa gari. Vipovu vya mwanzo visikutishe. Acha injini ingurume dakika chache, kisha ipandishe mzunguko na uishikilie hapo. Njia isiyo na tundu huonyesha dizeli pekee, au kipovu kimoja kilichokwama kwenye kona bila kusogea. Mkufu wa vipovu usiokatika unamaanisha hewa inaingia nyuma ya mahali unapotazama.

Sasa hamisha mpira huo uwe kati ya bomba la chasisi na filta. Kama hapa ni safi na kule mbele kulikuwa na povu, mhalifu ni filta au kichwa chake. Kama hapa pia kuna povu, hewa inatoka upande wa tangi.

Kuna mtego mmoja. Vipovu vidogo vidogo vingi vinaweza kutokea bila tundu lolote, pale njia ya nyuma inapokuwa imeziba. Pampu ikinyonya kwa nguvu kwenye njia iliyozibwa, hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli inajitenga na kutoka. Utabadilisha mipira yote na povu litabaki. Ili kutofautisha, fungua kifuniko cha tangi, chomoa bomba kwenye filta na upulize kuelekea tangini kwa pampu ya baiskeli. Ipite kwa urahisi na usikie inabubujika ndani ya tangi. Ikigoma, chujio la tangini limeziba au kuna mpira uliojikunja au kuvimba ndani. Mpira wa zamani huwa mzima kwa nje na umebanwa kwa ndani. Na usipulize wala kunyonya kwa mdomo, ingawa kila siku tunawaona madereva wakifanya hivyo. Dizeli ikiteleza kuingia mapafuni ni hospitali, hakuna maziwa yatakayoitoa.

Mpira huu wa plastiki ni wa kupimia tu. Dizeli na joto huufanya uwe mgumu na kupasuka, na klipu zake zitalegea.

Hatua ya 4: Dumu linajibu

Dumu safi la lita 5, dizeli safi iliyochujwa, mipira miwili. Mmoja wa kuvuta, uzame mpaka karibu na kitako cha dumu. Mwingine wa marejeo, urudishe humohumo ndani na mdomo wake uzame chini ya dizeli. Usiyaache marejeo yaende tangini, kwani pampu hizi hurudisha dizeli nyingi na dumu litakauka ukiwa bado unatafakari. Mdomo wa dumu uwe na nafasi ya kupumua, ila vumbi lisiingie.

Mafundi wengi wakifanya kipimo hiki hulipandisha dumu juu ya boneti tangu mwanzo. Gari linawaka vizuri, wanatangaza kuwa tatizo liko tangini. Si lazima. Ukiliweka dumu juu ya injini, dizeli inashuka kwa uzito wake na upande uliokuwa unanyonya haunyonyi tena. Tundu bado lipo, umelifunika tu. Kwa hiyo kipimo hiki kina sehemu mbili na mpangilio wake una maana.

Dumu chini. Liweke chini kabisa, usawa wa tangi au ardhini. Unga mpira wa kuvuta kwenye mlango wa kuingilia filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze, washa. Likitulia vizuri, lizime na uliache hivyohivyo usiku kucha. Asubuhi pima kwa pampu ya mkono kama ulivyofanya hatua ya kwanza. Ikikaza haraka na gari likawaka, filta na pampu ni vizima. Hewa ilikuwa inaingia kati ya tangi na filta, au kwenye mpira wa marejeo ulioutenga. Ikiwa tupu tena, tundu liko mbele: filta, mpira unaotoka kwenye filta, au pampu. Basi usiku unaofuata ruka filta, unga dumu moja kwa moja kwenye pampu. Gari likipona, ni filta. Lisipopona, sasa ndiyo una haki ya kuitaja pampu. Ukiiruka filta umeruka na pampu ya mkono, kwa hiyo bila pampu ya mkono ya kuchomeka katikati utajaza mpira kwa kuinua dumu kwa muda, kisha ulirudishe chini. Dizeli ya kipimo hiki iwe safi kwelikweli; mchanga mmoja ukipita bila filta unaharibu pampu uliyokuwa unajaribu kuiokoa.

Dumu juu. Ukishajua upande, ndipo unalipandisha. Lifunge imara sehemu iliyo juu ya injini, mbali na manifoldi ya ekzosi, gari likiwa limezimwa na limepoa. Futa filta, maungio na mwili wa pampu kwa kitambaa kikavu kabisa, kisha paka unga wa chaki au poda ya mtoto. Kaa kando. Mahali palipokuwa panavuta hewa sasa panasukuma dizeli nje, na kwenye unga mweupe doa la kijivu linajichora na kukua. Usitegemee kasi: dumu lililo mita moja juu linaleta mgandamizo wa chini ya sehemu moja ya kumi ya bar, kwa hiyo tundu dogo linaweza kuchukua saa nzima kutoa doa la ukubwa wa kucha. Lakini likitoka, limetoka. Mvutano wote kati yako na fundi unaishia hapo, kila mmoja anaona kwa macho yake.

Wapo wanaotumia kompresa kwenye kifuniko cha tangi kutafuta jibu lilelile. Tangi si la kuhimili upepo wa kompresa. Linavimba, na sili zilizokuwa nzima zinafumuka. Dumu na chaki vinatosha.

Hatua ya 5: Pa kuangalia kwanza

Filta, na filta tena. Oringi ya filta ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye kichwa, filta mpya inafungwa juu yake, zinakuwa mbili. Inakaza mkononi, inaonekana sawa, inanyonya hewa. Ukitoa filta, angalia kama oringi imetoka nayo. Chini ya filta kuna sensa ya maji, ile inayowasha taa kwenye dashibodi. Sensa hiyo huhamishwa kutoka filta kuukuu kwenda mpya, na oringi yake huhamishwa ikiwa imeshakuwa bapa na ngumu. Weka mpya, ipake dizeli, kaza kwa mkono. Kizibo cha kutolea maji nacho ni plastiki, kina oringi yake ndogo, na vijana hukifunga kwa koleo mpaka kinapasuka. Mwisho tazama kitako cha kichwa pale filta inapokaa: mkwaruzo wa bisibisi hapo ni mfereji.

Pampu ya mkono inafuata. Kibonyezo chake kikiwa na unyevu pembeni, au vumbi limegandia hapo likawa tope jeusi, diaframu imechanika. Zipo aina zinazofunguliwa kwa kuzungusha kibonyezo kabla ya kubonyeza. Hizo zikiachwa bila kukazwa zenyewe ni mlango.

Kisha mipira ya maungio: tangini, kwenye chasisi na karibu na injini. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa nyembamba mwishoni mwa mpira, karibu na klipu, kata au badilisha. Klipu za skrubu zilizozidi ukubwa hubana pande mbili na kuacha pengo pande nyingine, kwa hiyo tafuta klipu ya kipimo cha mpira. Kwa magari ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na kote kwenye chumvi ya bahari, fungua vishikizo vinavyobana bomba la chuma kwenye chasisi. Kutu huanzia chini ya kishikizo, mahali tope lenye chumvi linapokaa, na bomba linatoboka likiwa limefichwa.

Bolti zenye tundu kwenye pampu, zile zinazoshika mabomba ya kuingia na kutoka, zina washa za shaba au alumini pande mbili. Washa zikishabanwa mara moja zimeshajichora, weka mpya. Na hapa uwe makini sana: bolti ya marejeo imeandikwa OUT kichwani na ina tundu dogo sana ndani, kwa sababu ndiyo inayoshikilia mgandamizo wa mwili wa pampu. Ya kuingilia ina matundu makubwa. Zinafanana kwa nje, na zikibadilishana nafasi gari litakosa nguvu au kugoma kabisa, nawe utadhani bado ni hewa.

Bomba la marejeo juu ya nozeli lina washa zake pia. Watu hulisahau kwa kuwa "linarudisha tu". Likipata hewa usiku, dizeli ya mwili wa pampu inaweza kuondokea huko.

Pampu yenyewe iwe ya mwisho: mhimili wa wenzo wa akselereta, gasketi ya kifuniko cha juu, na sili ya mbele. Sili ya mbele ikivuja, dizeli inaingia kwenye taimingi belti, na belti iliyolowa dizeli haina muda mrefu, usiahirishe. Kwenye gari ambalo mpira wake ni wa miaka mingi, sili hukauka na kusinyaa. Mwaka 1993 huko Kalifornia, Marekani, dizeli ya aina mpya yenye salfa kidogo ilipoingia sokoni, sili za zamani za pampu zilianza kuvuja kwa wingi, kwa kuwa mpira uliozoea dizeli ya zamani ulisinyaa.

Dawa za njiani na za kudumu

Ukikwama porini, sabuni ya mche iliyokandwa na kusuguliwa kwenye ufa wa bomba au tangi itakufikisha. Dizeli haiiyeyushi, maji ndiyo adui yake, kwa hiyo ombea mvua isinyeshe. Ukanda wa tyubu uliokazwa kwa kuvutwa nao unasaidia siku moja au mbili, kisha dizeli inauvimbisha na unalegea. Gundi ya silikoni kwenye maungio ya dizeli iepuke, inamomonyoka na vipande vinaenda kwenye pampu. Tepu nyeupe ya mafundi bomba vilevile, nyuzi zake huziba tundu lile dogo la bolti ya OUT.

Halafu kuna "suluhisho" la kufunga pampu ndogo ya umeme karibu na tangi. Gari linapona, ndiyo, kwa sababu njia iliyokuwa inanyonya sasa inasukumwa. Tundu nalo linageuka kuwa chemchemi, na sasa unamwaga dizeli barabarani. Valvu ya kuzuia dizeli isirudi inafanana nayo: inaficha ugonjwa, na ikiziba inaongeza wa pili.

Hatua ya 6: Kutoa hewa

Jaza filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze kabisa. Kwa pampu za kimakenika, legeza nati za mabomba mawili kwenye nozeli kwa nusu mzunguko, kwa spana ya 17, ukiwa umefunika na kitambaa. Mwenzako apige stata kwa sekunde zisizozidi 15, kisha aipumzishe nusu dakika. Stata inaungua haraka kuliko unavyodhani. Povu likigeuka kuwa dizeli inayochomoza kwa mapigo, kaza. Fanya na mengine mawili. Mikono na uso vikae mbali na nati hizo, kwani dizeli yenye mgandamizo inapenya ngozi, na jeraha la namna hiyo linaonekana dogo kumbe linaoza ndani. Ni la kukimbizia hospitali palepale.

Usipulize spirei ya kuwashia kwenye bomba la hewa. Injini hizi zina hita plagi, na hita ikiwa nyekundu spirei inalipuka kabla ya wakati. Pistoni zinapasuka.

Kwa Hilux za D-4D

Kunyonya ni kulekule, na hatua ya 1 hadi ya 3 zinafaa, ila kipimo cha selenoidi ya kuzimia hakiyahusu magari haya. Hewa kwenye magari haya mara nyingi hujitokeza kama taa ya injini na msimbo wa hitilafu P0087, maana yake mgandamizo wa reli (bomba nene linalogawa dizeli kwa nozeli zote) uko chini. Gereji itakuuzia valvu ya SCV (inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu) au pampu nzima. Weka kwanza mpira unaoonyesha ndani.

Usilegeze bomba lolote la mgandamizo mkubwa kutoa hewa. Humo kuna zaidi ya bar 1,000, na dizeli yake inakata ngozi kama kisu. Bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze, piga stata, mfumo utajitoa hewa wenyewe.

Hatua ya 7: Kuhakikisha

Usilipime gari kwa mazingira rahisi. Tangi libaki na robo, egesha pua ikiwa juu, liache usiku kucha. Asubuhi rudia hesabu ya pampu ya mkono kabla ya swichi. Iliyokuwa ishirini ikawa mbili, umemaliza. Iliyokuwa ishirini ikawa nane, umeziba tundu moja na lipo lingine. Hutokea sana kwa gari kuukuu, kwa kuwa mipira yote ni ya umri mmoja. Rudi kwenye dumu chini.

Baada ya siku chache za kazi, kaza klipu mpya mara moja zaidi, kwa sababu mpira mpya hujibana na kulegea kidogo. Na ule mpira wa plastiki, kama bado uko kwenye gari, utoe.